Barafu ya Kwanza kwenye Ziwa la Wenyewe

Kila asubuhi, kabla ya kunywa kahawa, Kalervo alisimama dirishani akaliangalia ziwa. Aliliangalia kama mtu anayemwona mgeni amekalia kiti chake. Kisha alivuta pazia, akaketi, akasema kahawa ya siku hizi haina ladha.

Mkewe, Taimi, alikuwa ameshazoea. Kahawa ilikuwa ileile waliyokunywa miaka yote. Kilichobadilika ni dirisha. Majira ya kuchipua walikuwa wameiuza nyumba yao ya mbao kando ya Ziwa Mustanen, nyumba aliyoijenga baba yake Kalervo. Nyonga ya Kalervo ilikuwa imegoma kupasua kuni na kusukuma theluji. Sasa waliishi ghorofani mjini, karibu na binti yao Saija, na chini yao kulikuwa na Ziwa Hoikka. Ni ziwa kubwa, zuri, lenye visiwa vya misonobari. Lakini kiangazi chote Kalervo hakutia hata kidole ndani yake.

"Hilo ni ziwa la wenyewe," alisema kila alipoulizwa. Na hapo mazungumzo yalikwisha.

Mwishoni mwa Novemba baridi ilikaza. Maji yalitulia, yakawa meusi, kisha yakawa meupe. Asubuhi moja Taimi aliingia jikoni akamkuta mumewe ametandaza magazeti mezani. Alikuwa ananoa kekee yake ya kutobolea barafu, na huku anapiga mluzi. Hakuwa ameusikia mluzi ule tangu wahame. Furaha ilimjaa hata akasahau uji motoni, ukaungua.

"Tutakwenda Siku ya Uhuru," Kalervo alisema bila kuinua macho. "Kama kawaida."

Kwa familia yake, barafu ya kwanza ilikuwa na siku yake. Siku ya Uhuru, tarehe sita Desemba, ukoo mzima ulishuka ziwani Mustanen. Baba yake alitangulia. Alipofika ukingoni alikanyaga barafu kwa kisigino mara tatu, akainamisha sikio, kisha akasema, "Inabeba." Basi. Hakuna aliyeuliza tena. Watoto kwa wakubwa walimfuata hadi kwenye mlango mwembamba wa maji, kati ya kisiwa na nchi kavu. Hapo ndipo ahveni walipojaa, wale samaki wa mistari wenye mapezi mekundu. Taimi alikwenda mara ya kwanza akiwa mchumba, amevaa viatu vya kuazima. Kalervo alimtobolea tundu lake, akampa ubao wa kukalia, akamwambia asiongee sana, samaki wana aibu. Hadi leo Taimi akikumbuka hucheka peke yake.

Kalervo alimvuta dirishani, akamwonyesha kidole. "Ona kile kisiwa. Ona ule mlango wa maji kati yake na ile rasi. Ni wetu kabisa. Hata ile misonobari imeinama vilevile."

Taimi aliangalia. Kweli palifanana. Palifanana hata moyo ukamuuma. Lakini kuna kitu kilimtia wasiwasi.

"Tunalijua ziwa hili, mzee wangu?"

"Barafu ni barafu, mama. Nimetembea juu yake tangu nikiwa na meno ya utoto."

Taimi hakubishana. Alijua mluzi ule ulivyo mwepesi kukatika. Akabeba kapu la nguo akashuka chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo.

Huko alimkuta Hilkka, jirani wa ghorofa ya kwanza, mwanamke mrefu mwenye mikono kama ya mkata miti. Hilkka alizaliwa hapo hapo Hoikka. Kwa miaka mingi alipeleka barua visiwani, kiangazi kwa mashua, majira ya baridi kwa miguu juu ya barafu. Taimi alimweleza mpango wao. Alipoutaja ule mlango wa maji, Hilkka aliacha kukunja shuka.

"Wa kisiwa chenye misonobari iliyoinama?"

"Huohuo."

"Dada, pale hapiti mtu kabla ya mwaka mpya. Miaka mingine hapapitiki kabisa." Akaweka shuka chini. "Weka kahawa jikoni. Nakuja."

Alikuja kweli, na mkate wake wa iliki mkononi, ili isionekane amekuja kufundisha watu. Lakini Kalervo hakuwa mtoto. Alimkaribisha kwa adabu, akakunja mikono kifuani, akangoja.

Hilkka naye hakuzunguka. Alimwambia kwamba Hoikka si kama maziwa madogo ya huko misituni. Mto unaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine, na maji yote yanapita kwenye ule mlango. Juu unaona theluji imetulia, chini maji yanakimbia, na maji yanayokimbia yanaila barafu kwa chini. Tena kule mto unakoshukia kuna mitambo ya umeme. Wakifungua maji, ziwa linashuka, na barafu ya ukingoni inabaki inaning'inia, chini yake tupu.

"Bibie, nimetembea juu ya barafu zaidi ya miaka sitini," Kalervo alisema.

"Barafu ipi?"

Taimi alijifanya anakata mkate.

"Sikucheki, jirani," Hilkka aliendelea, na sauti yake ikalainika. "Mimi ukinipeleka Mustanen leo, nitakuwa kipofu. Nitakuuliza wewe kila hatua. Ziwa usilolijua unaanza kwa kumuuliza mwenyeji. Halafu unauliza barafu yenyewe, na hiyo haiulizwi kwa kisigino."

Hapo Taimi alitamani kujificha, maana habari za kisigino ni yeye aliyezitoa kule chini. Lakini Kalervo alikohoa tu, na ndani ya kile kikohozi kulikuwa na kicheko kidogo. Akasogeza kikombe chake ajazwe. Taimi alijua maana yake: anasikiliza.

Basi walipanga safari, Hilkka akieleza na wao wakiuliza. Barafu huulizwa kwa mtaimbo, alisema, ule wa chuma wenye ncha pana. Unapiga mbele yako mara mbili, palepale, kwa nguvu. Chuma kisipopenya, unasogea. Kikipenya, unarudi kwa nyayo zako mwenyewe, maana hiyo ndiyo barafu uliyokwisha kuipima. Mtu mmoja kwa miguu anahitaji angalau sentimita tano za barafu ngumu, nyeusi, inayong'aa, na zaidi ya hapo ndiyo salama. Ile nyeupe iliyoganda kutokana na theluji nguvu zake ni nusu tu, kwa hiyo inatakiwa iwe nene mara mbili. Mwendo ni wa kuachiana nafasi, si wa kushikana mikono kama wachumba.

"Hilo litakuwa gumu kwake," Kalervo alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

Taimi alimpiga na kitambaa cha sahani. Kisha akauliza lile lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi. Je, mtu akizama?

Hilkka alivua shingoni kamba yenye vishikio viwili vya mbao, kila kimoja na ncha ya chuma. Akavikita juu ya ubao wa mkate, akajivuta. Ukizama, alisema, geukia kule ulikotoka, kwa sababu huko barafu ilikubeba. Kita ncha hizi, piga miguu kama unayeogelea, jivute kwa tumbo. Ukishatoka usisimame. Jiviringishe hadi mbali, ndipo uinuke. Vitu hivi vinakaa shingoni, siyo kwenye begi. Nguo kavu ziwe kwenye mfuko usioingia maji, simu nayo iwe na mfuko wake. Kamba ya kurushiana ibebwe. Na kabla ya kutoka, mwambieni mtu wa nyumbani mnakwenda wapi na mtarudi lini.

"Na tukifika tukakuta haibebi?" Kalervo aliuliza.

"Mtarudi nchi kavu mle soseji."

Hilkka aliwachagulia ghuba ndogo nyuma ya uwanja wa michezo. Haina mto, haina kijito, upepo hauifikii, nayo hutangulia kuganda kuliko sehemu nyingine zote. Kalervo alikubali. Lakini usiku ulipoingia Taimi alimwona amesimama tena dirishani, na hakuwa akiangalia ghuba.

Siku ya Uhuru ilikucha na baridi kavu isiyo na upepo. Taimi alimpigia Saija, akamwambia ni ghuba gani na kwamba watarudi kwa chakula cha mchana. Wakashuka watu watatu, Hilkka mbele na mtaimbo. Mapigo yake yalisikika mazito, na chuma hakikupenya. Kalervo alitoboa tundu la kwanza, akaingiza kipimo. Barafu ilikuwa ngumu na nyeusi, yenye unene unaozidi upana wa kiganja. Wakaketi kila mtu mbali na mwenzake. Haikuchukua muda Taimi alivuta ahveni wa kwanza. Samaki alirukaruka kwenye theluji na mapezi yake mekundu, na Taimi akahisi yuko tena kwenye viatu vya kuazima.

Kalervo hakuvuta kitu. Hakuwa akiuangalia uzi wake. Kutoka kwenye ghuba, mlango wa maji ulionekana wazi, mweupe, umelala. Mwishowe alisimama.

"Nataka kuuona," alisema. "Kwa karibu tu."

Hilkka alimwangalia, kisha akamwangalia Taimi. Alisema hapamfai mtu pale, na kwamba yeye asingekwenda. Kalervo akajibu polepole kwamba amelala na kuamka na mahali pale tangu wahamie. Hilkka alitoa kamba ndefu kwenye begi, akamfunga kiunoni, akampa mtaimbo.

"Basi ukaiulize mwenyewe. Mara mbili, palepale. Chuma kikipenya, umejibiwa."

Ncha ya kamba alipewa Taimi. Alijizungushia mkononi, akaanza kuomba kimoyomoyo. Mumewe alikwenda. Alipiga mara mbili, akasogea. Akapiga mara mbili, akasogea. Mgongo wake ulikuwa ule wa ujana kabisa, na kisiwa kilichokuwa mbele yake kilikuwa kisiwa cha kwao, na Taimi alielewa kuwa anakwenda nyumbani. Hakuogopa maji wakati ule. Aliogopa kwamba mwanamume anayekwenda nyumbani hatasikia mtaimbo.

Pigo lilifuata pigo. Mlio ukaanza kubadilika, ukawa mwembamba. Kalervo akainua mtaimbo tena. Mara ya kwanza barafu ilistahimili. Mara ya pili chuma kilizama, na maji meusi yakapanda kimya kimya juu ya theluji, mbele ya buti zake.

Alisimama hapo. Mbele yake theluji ilikuwa laini, safi, kama ya nyuma yake. Taimi aliishika kamba kwa nguvu.

Kisha Kalervo aligeuka. Akaanza kurudi, akikanyaga nyayo zake moja baada ya nyingine.

Alipofika aliketi kwenye begi lake, uso umempauka. Hakuna aliyemtania. Taimi akammiminia kahawa.

"Kwa macho hapana tofauti," Kalervo alisema. "Kumbe baba hakuwa anaisikiliza barafu. Alilijua ziwa. Kisigino kilikuwa cha kutuchekesha sisi watoto."

Walivua hadi ndoo ikajaa nusu. Kalervo ndiye aliyevuta wengi, na Hilkka akasema samaki wa Hoikka hawana haya, wanakimbilia wageni. Saa sita walikuwa nyumbani. Taimi alipika supu kwa viazi, vitunguu na siagi ya kutosha, na Hilkka akala sahani mbili bila kubembelezwa. Saija alipita kuhakikisha wamerudi, naye akabaki kula.

Katikati ya mlo Kalervo aliweka kijiko chini. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Taimi. Una namba ya wale vijana walionunua nyumba?"

"Ninayo. Kuna nini?"

"Chemchemi ya chini ya ziwa, pale barafu haikazi. Ile iliyo karibu na jiwe kubwa, mbele ya sauna. Baba alitukataza pale tangu tukiwa wadogo, hakuwahi kuweka hata kijiti cha alama. Sisi sote tulijua. Niliwapa funguo zote. Hilo sikuwaambia."

Taimi alitafuta namba, akapiga, akampa simu. Simu iliita mara nyingi. Akapokea mwanamke, na nyuma yake palisikika watu wakivaa buti na kucheka. Kalervo alijitambulisha, akawatakia heri ya siku. Kisha akauliza kama wanafikiria kwenda ziwani.

Ndiyo, alijibu yule mwanamke, ndio kwanza wanatoka. Wameona mahali pazuri sana, karibu tu, kwenye lile jiwe.

"Hapo msikanyage," Kalervo alisema. "Sikiliza, binti yangu. Ita wenzako wote waje karibu na simu. Nitawaeleza ziwa lote."

Upande wa pili vicheko vilikoma. Kalervo alifumba macho akaanza kwenye gati. Akawaambia wachukue mtaimbo, wapige mara mbili palepale. Akawapitisha ghuba hadi ghuba, mwamba hadi mwamba, panapobeba na pasipobeba, na wapi ahveni hupenda kukaa Desemba. Supu ilipoa mbele yake. Taimi alilia kidogo, wala hakujificha, na hakuna mezani aliyemwambia Kalervo arudi kwenye supu.