Mashine ya Baba ya Kunyolea

Asubuhi katika nyumba ile ilianza na sauti ya maji. Baba aliamka kabla ya wote. Alipasha maji kwenye sufuria, akayamimina kwenye bakuli la bati, akasimama mbele ya kioo kilichoning'inia karibu na mlango wa jikoni. Kisha alinyoa ndevu.

Hakuruka hata siku moja. Alikuwa mpiga picha, mwenye studio ndogo barabarani. "Mteja akikuta mpiga picha nadhifu," alikuwa akisema, "naye anajiweka sawa bila kuambiwa."

Alinyoa kwa mashine ndogo ya chuma. Vijana wengi wa leo hawaijui. Ina mpini mfupi na kichwa kinachofunguka. Ndani ya kichwa huwekwa wembe mmoja mwembamba, wenye makali pande mbili. Kichwa huufunika wembe ule, ukabaki unachungulia kidogo tu kila upande. Mashine ya Baba ilikuwa imebabuka rangi kwa kushikwa. Aliiweka kwenye kifuko cha kitambaa, na kifuko akakitundika kwenye msumari chini ya kioo.

Mwanawe wa kwanza alipoanza kuota ndevu, Baba alimwita.

"Njoo nikuonyeshe. Kitu hiki hakitaki nguvu. Kinataka utaratibu."

"Baadaye, Baba. Nachelewa."

Kesho yake ilikuwa baadaye tena. Kijana akazoea kwenda kwa kinyozi. Mwisho Baba akaacha kumwita.

Kijana akawa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza madirisha na mageti, na mtaa mzima ukamwita Fundi Geti. Alikuwa na mikono mizito na moyo mwema. Akipewa kazi, aliimaliza. Kitu kikigoma, alikisukuma mpaka kikubali.

Kisha mkono wa Baba ukaanza kutetemeka.

Hospitali walisema ni ugonjwa wa kutetemeka, nao huendelea polepole. Walimpa vidonge. Sauti yake ikawa ndogo. Uso wake ukakakamaa, hata wasiomjua wakadhani amekasirika. Akafunga studio. Lakini kunyoa hakuacha. Alishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akanyoa hivyo hivyo.

Siku moja Mama aliona tone la damu kwenye kola ya shati lake. Akaogopa.

"Ongea na baba yako," alimwambia Fundi Geti. "Mimi hanisikilizi."

Fundi Geti hakuongea. Alichukua kile kifuko msumarini, akaenda nacho karakana, akakitumbukiza kwenye boksi la vyuma chakavu. Mnunuzi wa chakavu alipopita, alilichukua boksi zima. Jioni Fundi Geti alirudi na mashine za plastiki, zile za kutumia na kutupa.

"Baba, hizi ni salama. Nitakuwa nakunyoa mimi."

Baba alitazama msumari mtupu. "Ile yangu?"

"Nimeiweka mbali, Baba. Usiwe na wasiwasi."

Baba hakuuliza tena. Fundi Geti alijiona amefanya jambo la maana.

Mashine za plastiki hazikumfaa Baba. Fundi Geti alitumia moja mpaka ikawa butu, na badala ya kukata, ikavuta. Chini ya kidevu vikatoka vipele, vikawasha. Basi Fundi Geti akaamua kununua mashine ya chuma, lakini iliyo bora kuliko ile ya zamani.

Dukani muuzaji alimpangia kadhaa juu ya meza. Fundi Geti alizipima kwa mkono, moja moja, kama anavyopima nyundo. Akachagua iliyokuwa nzito kupita zote. Kichwa chake kilikuwa na meno kama chanuo, na wembe ulichungulia nje kwa ujasiri.

"Umewahi kutumia ya namna hii?" muuzaji aliuliza.

"Ndugu yangu, mimi chuma nakijua. Nipe na nyembe kali kuliko zote."

Asubuhi alimkalisha Baba kwenye kiti. Hakupasha maji. Alimpaka sabuni kidogo, akaiweka mashine shavuni, akakandamiza. Kazini kwake usipokandamiza, chuma hakikatiki.

Baba hakupiga kelele. Aliinua tu mkono wake unaotetemeka, akakifunika kidevu. Damu ikapita katikati ya vidole.

"Basi," alisema.

Tangu siku hiyo hakukubali kuguswa uso. Mama alijaribu kumwita kinyozi aje nyumbani. Baba alitikisa kichwa. Ndevu zikaota, nyeupe, nyingi huku na haba kule. Akaacha kukaa barazani. Watu wakipita kumsalimia, alijifanya amelala.

Wakati huo binti wa mwisho, mwalimu wa chekechea, alipata kazi mbali sana. Alikuwa anaondoka mwisho wa wiki. Alitaka kitu kimoja tu. Kuta za nyumba zilijaa picha: yeye mtoto, Mama jikoni, kaka yake na baiskeli. Baba hakuwemo hata kwenye moja. Yeye ndiye alikuwa nyuma ya kamera siku zote.

"Baba, tupige picha mimi na wewe. Niende nayo."

Baba aligusa ndevu zake. Aliongea kwa shida. "Sivyo hivi, mwanangu."

"Kwangu mimi uko sawa, Baba."

"Sivyo hivi."

Binti alitoka nje akiwa anafuta macho. Jirani yao alikuwa anaanika nguo. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume kabla ya kustaafu, na wote walimwita Mama Nesi. Binti alimweleza kila kitu. Mama Nesi alibana kibanio cha mwisho kwenye kamba, akasema, "Mwite kaka yako. Aje na hiyo mashine yake."

Fundi Geti alifika ameinamisha kichwa. Mama Nesi aliigeuza mashine mkononi.

"Hii ulitaka kumnyoa baba yako au kumkatia dirisha?"

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka ndani ya kanga. Hata Fundi Geti alitabasamu kidogo.

"Nilidhani nzito ndiyo imara, Mama Nesi."

"Imara ni imara. Lakini tazama hapa." Alimwonyesha nafasi kati ya wembe na chuma kinachoukinga. "Huu mwanya ni mpana. Wembe umetoka nje sana. Na haya meno yanaacha ngozi iufikie. Aliyezoea anaweza kuipenda. Anayeanza itamkata. Ya kuanzia iwe na mwanya mwembamba, na ukingo ulionyooka, usio na meno. Huo ukingo unailaza ngozi kabla wembe haujapita."

"Na uzito?"

"Wa kadiri. Mashine ijibebe yenyewe shavuni, lakini isiuchoshe mkono. Mpini uwe na mikwaruzo, usiteleze ukilowa." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, "Baba yako alikuwa nayo moja. Nilikuwa naiona pale kwenye kioo. Ilikuwa pole kabisa, ndiyo hasa ya kujifunzia. Iko wapi?"

Mlango wa chumba cha Baba ulikuwa wazi. Fundi Geti alijua Baba anasikia.

Aliingia ndani, akachuchumaa mbele ya kiti.

"Baba, nilikudanganya. Ile mashine yako niliichanganya na vyuma chakavu. Nimekwenda kuiulizia kwa mnunuzi. Imeshapelekwa kuyeyushwa."

Baba alimtazama muda mrefu. Uso wake haukuonyesha kitu, kwa sababu ulikuwa hauwezi tena. Midomo ikahangaika kulitafuta neno.

"Ungeniuliza," alisema.

Hilo tu. Fundi Geti alitamani angegombezwa.

Mama Nesi alikwenda naye dukani. Walichagua mashine ndogo ya ukingo ulionyooka, yenye mwanya mwembamba. Mama Nesi alimwambia achukue mbili zinazofanana, moja ya Baba na moja yake. Wembe una damu hata usipoiona, alisema, na damu inaweza kubeba maradhi. Kwa hiyo kila mtu na wake, hata baba na mwana. Walichukua pia nyembe za aina tofauti, chache chache.

"Kwa nini nisichukue pakiti kubwa ya aina moja?"

"Kwa sababu hujui ngozi ya baba yako inapenda ipi. Wembe mkali kupindukia si lazima umfae. Anza na wa wastani. Ukiona unavuta, badilisha. Usiung'ang'anie mpaka uwe butu."

"Na kesho nimnyoe?"

"Kesho utajinyoa mwenyewe. Hatujifunzii kwenye uso wa mgonjwa."

Kesho yake Fundi Geti alisimama mbele ya kile kioo, pale pale alipoitwa zamani. Safari hii maji yalikuwa ya moto wa kiasi. Mama Nesi alikaa kwenye kigoda kama msimamizi wa mtihani.

"Shika wembe kwa zile ncha fupi zisizo na makali. Hivyo. Funga kichwa vizuri. Sasa lowesha ndevu, zilainike. Paka sabuni mpaka itoe povu zito. Papasa uso ujue ndevu zimelalia wapi. Utafuata huko huko zilikolalia."

"Nimeelewa."

"Weka kichwa cha mashine shavuni, mpini uelekee mbele. Sasa ushushe mpini taratibu huku unavuta. Ukisikia inakata, hapo hapo. Usikandamize."

Fundi Geti alivuta. Mkono wake ulikuwa umezoea kazi nyingine, ukakandamiza wenyewe. Sauti ikatoka nene.

Kutoka chumbani ilisikika sauti ndogo. "Nyepesi."

Fundi Geti alilegeza vidole, akavuta tena, kipande kifupi.

"Bado," ilisema sauti.

Alilegeza zaidi, mpaka akahisi kama haishiki kabisa. Mara hii sauti ya wembe ilibadilika. Ikawa kama mtu anayefagia sakafu kavu kwa mbali.

"Hiyo," Baba alisema.

Fundi Geti alibaki ameshika mashine hewani. Aliiona miaka yote ambayo sauti hii ilikuwa na nguvu, na mkono ule ulikuwa umetulia, ukimngoja mahali hapa. Povu lilimkaukia usoni. Mama Nesi alijifanya anatazama kuku wa jirani.

Alijinyoa hivyo siku zilizofuata, na kila siku Baba alisikiliza. Ijumaa Baba mwenyewe alisema, "Njoo."

Walianza kwa kupunguza ndevu ndefu kwa mkasi. Fundi Geti aliweka kitambaa cha maji ya moto usoni mwa Baba, akaacha kikae. Akapaka povu. Mama alikishikilia kichwa cha Baba kwa viganja viwili, kitulie. Fundi Geti alivuta ngozi kidogo kwa kidole, akapitisha mashine kwa vipande vifupi, akaisuuza, akapitisha tena. Kichwa kilipotetemeka, aliinua mashine na kungoja. Hakuharakisha. Penye vipele alipita mara moja tu, akapaacha. Mwisho alimwosha kwa maji baridi, akamkausha kwa kumgusagusa, bila kusugua.

Hakukuwa na damu. Palikuwa na kovu tu, upande wa kushoto wa kidevu, la ile asubuhi.

Wembe uliokwisha kazi waliutia kwenye kopo la bati lenye mfuniko, walilolitoboa tundu jembamba juu. Mama Nesi alisema wembe ukitupwa hovyo kwenye takataka humkata anayezizoa.

Fundi Geti alimwekea Baba mashine mpya kiganjani. Baba aliizungusha polepole. Akapitisha kidole gumba kwenye mpini.

"Siyo yenyewe," alisema. Akavuta pumzi. "Lakini inafaa."

Jumamosi walimtoa nje hadi barazani, amevaa shati jeupe. Binti alikaa karibu naye. Mama Nesi alishika simu, akanyoosha mikono.

"Tabasamuni."

"Jua," Baba alisema. "Liwe nyuma yako."

Mama Nesi aligeuka upande mwingine.

"Shuka kidogo."

"Jamani, huyu bado ana studio," Mama Nesi alisema, akapiga magoti. Binti akaangua kicheko, na picha ikapigwa wakati ule ule.

Binti aliondoka nayo. Nakala moja ilitundikwa ukutani, katikati ya zile nyingine. Uso wa Baba ndani yake haucheki, lakini Mama husema macho yanacheka. Ukisogea karibu utaliona kovu kidevuni. Fundi Geti huliona hata akiwa mbali.

Siku hizi Baba anakaa tena barazani na kupokea salamu. Kifuko kipya kinaning'inia kwenye msumari ule wa zamani. Kila asubuhi Fundi Geti hupasha maji kabla ya kwenda karakana. Utaratibu anaujua wote sasa, angeweza kuufuata akiwa amefumba macho. Hata hivyo, akishamaliza kupaka povu, huchuchumaa mbele ya kiti na kuuliza.

"Baba, nianzie wapi leo?"

Kisha hungoja, hata kama ni kwa muda mrefu, mpaka kile kidole kinachotetemeka kifike shavuni na kumwonyesha.