Petroli Haizibwi kwa Jani la Mgomba

Hebu niambie, wewe unayesoma: pombe ya ndizi inapochacha, utaiziba kwa kifuniko cha kukaza? Hutaiziba. Chombo kitapasuka, na pombe yote itamwagika chini. Utakunja jani la mgomba, utalisokomeza mdomoni mwa chombo, na pombe itapumua.

Daphrose wa Gahanga alilijua jambo hilo kuliko wanawake wote wa kilima chake. Pombe yake ya ndizi, urwagwa, ilisifiwa mpaka Kabeza. Aliipika kwa ndizi zilizoivishwa shimoni, na unga wa mtama aliupima kwa kikombe kimoja cha bati chenye mpini uliovunjika. Hakumwazimisha mtu yeyote kikombe hicho.

Mume wake aliitwa Niyonzima. Alikuwa na boti ya mbao, na nyuma ya boti alifunga injini ndogo. Mwaka huo wa 1991 alivusha watu, maharage na mikungu ya ndizi katika mto Nyabarongo, kutoka Gahanga kwenda Bugesera.

Ng'ambo ya mto aliishi Mukasine, mama yake Daphrose. Aliishi peke yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mara mbili alitia mkono motoni akidhani anashika chungu. Kila Jumanne na Ijumaa Daphrose alivuka na kibuyu cha uji. Alimfulia mama yake nguo, akamchotea maji, akampasulia kuni. Jioni alirudi kwake, akamwacha mzee na giza lake.

Kwa desturi yao, mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Mama mkwe hahamii tu nyumbani kwa mkwe. Kwa hiyo kulikuwa na neno Daphrose alilokuwa akilimeza kila jioni pamoja na chakula.

Ijumaa moja asubuhi walikuwa katikati ya mto, wawili tu, Daphrose amepakata kibuyu chake. Injini ikakohoa. Ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza.

"Baba Vestine, kuna nini?"

"Ina mafua kidogo. Itapona." Niyonzima akavuta kamba. Akavuta tena. Jasho likamtoka.

"Mafua ya tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ufanye nini? Uipe uji?"

Maji yakaanza kuichukua boti. Nyuma ya mafunjo kiboko akaguna. Daphrose akainua macho, akamwona mama yake ng'ambo, amesimama ukingoni. Mukasine aliweka mkono juu ya macho na kutazama upande ambao wao hawakuwepo.

"Mama! Tupo huku!"

Mzee akasikia sauti ya mtoto wake. Akageuka, akapiga hatua moja kuifuata. Mguu wake ukaingia majini.

"Simama! Mama, usije! Simama hapo hapo!"

Mukasine akasimama. Alibaki hivyo, mguu mmoja majini na mwingine nchi kavu, mpaka jirani yake mmoja alipokuja kumshika mkono.

Niyonzima alipiga kasia kwa nguvu zote. Walitokea chini kabisa ya mto, upande wao wenyewe wa Gahanga. Kibuyu cha uji kilikuwa bado kimejaa.

"Mpaka injini hii ipone, sikuvushi," Niyonzima alisema. "Sitaki kukutafuta kwenye mafunjo, mama Vestine."

"Na mama atakunywa nini?"

Niyonzima akaifunga boti. Kuzunguka kwa njia ya darajani, kwenda na kurudi kwa miguu, kulimaliza siku nzima.

Binti yao Vestine alikuwa ameolewa Kabeza. Aliwahi kuwaambia kuhusu fundi mmoja Mrundi wa huko, Ndihokubwayo. Fundi huyo alikulia Bujumbura, kando ya ziwa Tanganyika, akitengeneza injini za boti za wavuvi. Kesho yake mapema Niyonzima aliifunga injini kwenye baiskeli. Aliisukuma kilima baada ya kilima. Daphrose alimfuata na jerikani la petroli kichwani, limezibwa kwa jani la mgomba.

Fundi alipowaona alifungua mikono.

"Karibu, mama! Umeniletea urwagwa? Mungu akubariki, kiu imenishika tangu asubuhi."

"Si urwagwa, fundi. Ni petroli."

Fundi akacheka. Kisha akaona Daphrose hacheki, naye akaacha. Alimpokea jerikani, akachomoa jani, akanusa. Akamimina kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, akaiweka kwenye ngazi ya mlango.

"Tuipe dakika chache. Mzee, zima hiyo sigara kwanza, la sivyo tutafika mbinguni pamoja na injini yako."

Niyonzima aliizima haraka. Walikaa kwenye benchi. Baadaye fundi akawaita.

"Tazameni. Mnaona nini?"

Daphrose akainama. "Ina rangi ya chai ya rangi. Na chini kabisa kuna kitu kingine, cheupe, kama machozi."

"Hayo ni maji. Petroli ni nyepesi, inakaa juu. Maji ni mazito, yanakaa chini. Na kwenye injini, bomba hunyonya kutoka chini. Sasa nusa. Halafu nusa na hii yangu."

Petroli ya fundi ilimpiga puani mpaka akapiga chafya. Ile yake ilinuka kama mlango uliopakwa rangi ya zamani.

"Imekaa muda gani?" fundi aliuliza.

"Nyingine tangu mwezi wa pili," Daphrose alisema. Sasa ulikuwa mwezi wa nane. "Petroli ni shida kupatikana. Kila ikibaki kidogo, ninaimwaga humo juu ya ile ya zamani. Na ninaiziba kwa jani, ili jerikani lisipasuke."

"Na pombe ikikaa inapata nguvu," Niyonzima aliongeza. "Nikadhani petroli nayo ni hivyo."

"Aa, mzee! Pombe ikipumua inaiva. Petroli ikipumua, ile nguvu yake ndiyo inayotoka. Kinachobaki ni kama gundi. Gundi hiyo inaziba vitundu vidogo ndani ya injini. Na kwenye jani hilo unyevu wa mto unapita unavyotaka." Fundi akagonga jerikani kwa kidole. "Jerikani hili lilikuwa la nini zamani?"

Daphrose akatazama chini. "La urwagwa."

"Nilijua. Petroli inataka jerikani lake yenyewe, kavu, lenye kifuniko cha kukaza. Usilijaze mpaka mdomoni, maana joto huivimbisha petroli. Liweke kivulini, mbali na jiko na mbali na mahali mnapolala. Na ukishachanganya na mafuta, uitumie ndani ya mwezi mmoja."

Kisha akafungua plagi, kile kinachotoa cheche za kuwasha injini. Ilikuwa nyeusi kama chini ya chungu.

"Unachanganya mafuta gani, mzee?"

"Dereva mmoja wa lori hunipa mabaki ya injini yake."

"Unapima kwa nini?"

"Kwa macho."

"Macho ya nani?"

Daphrose akashindwa kujizuia, akacheka. Niyonzima naye akacheka, kwa aibu.

Fundi alieleza polepole. Injini ndogo kama hii haina mahali pake pa mafuta ya kulainisha. Mafuta huingia pamoja na petroli. Yakiwa machache, vyuma husagana na injini hufa. Yakizidi, moshi unakuwa mwingi na plagi inaungua. Mafuta ya lori yaliyotumika yana uchafu wa chuma ndani yake. Yanayotakiwa ni mafuta mapya, yale yaliyotengenezwa kuchanganywa na petroli ya injini za boti.

"Na dizeli? Au mafuta ya taa, petroli ikikosekana?" Daphrose aliuliza.

"Hapana, mama. Injini hii ni ya petroli. Ikikosekana, piga kasia." Akawaonyesha kibati kilichobandikwa ubavuni mwa injini. "Kila injini ina kipimo chake, msichukue cha jirani. Hii inasema hamsini kwa moja. Lita tano za petroli, mililita mia moja za mafuta. Lita kumi, mililita mia mbili. Mchanganye ya safari mlizonazo, si ya msimu mzima."

"Ni kama unga wa mtama," Daphrose alisema taratibu. "Ukipungua, pombe hainyweki. Ukizidi, inaharibika."

"Umesema! Basi mzee, kuanzia leo mkeo ndiye atakayepima."

"Fundi, usimpe cheo kingine. Nyumbani tayari ni burugumesitiri, mkuu wa wilaya nzima."

Fundi aliosha tangi na kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, akatia plagi mpya. Aliwauzia petroli mpya katika jerikani jipya na chupa ya mafuta mapya, akampa Daphrose kikombe cha kupimia chenye mistari, na faneli yenye kichujio. Petroli ya zamani aliichukua mwenyewe. "Msiimwage mtoni," alisema. "Mto huo watu wanaunywa."

Walishuka kuelekea Gahanga. 

"Ni mimi niliyeiua injini, baba Vestine."

Niyonzima akaisimamisha baiskeli. "Wewe uliziba kwa jani, mimi nilimimina kwa macho. Tuliiua wawili. Sasa twende, nisaidie kusukuma."

Jumanne asubuhi Daphrose alipima kivulini, injini imezimwa, tangi limewekwa chini nje ya boti. Alimimina mafuta mpaka kwenye mstari, akachuja petroli, akatikisa. Niyonzima alivuta kamba mara moja. Akavuta mara ya pili. Injini ikaimba bila moshi mweusi.

Wiki tatu zilipita, na haikuzima hata siku moja. Watu waliokuwa wamemkimbia Niyonzima wakarudi na mikungu yao. Katika wiki ya nne alimwambia mkewe, "Mlete mama aje atusalimie. Maji yametulia na injini naiamini."

Mukasine alivuka akiwa amekaa katikati ya boti, ameshika mbao kwa mikono miwili, akitabasamu bila kuona. Alikaa kwao siku tatu. Alimenya ndizi kwa kupapasa. Alinusa urwagwa akasema bado siku moja, na kweli ilikuwa bado siku moja.

Jumapili mchana, wakati wa kumrudisha ulifika. Mzee alikaa uani, kifurushi chake magotini. Niyonzima alileta jerikani kivulini, akafungua kifuniko. Kwa heshima hakumtazama mama mkwe wake. Alimtazama mkewe.

"Mama Vestine, njoo upime. Tuchanganye ya safari ngapi? Leo kumpeleka, na Jumanne, na Ijumaa?"

Daphrose alikuwa ameshika kikombe. Alimimina huku akimtazama mama yake, mafuta yakapita mstari. Akaweka kikombe chini.

"Usichanganye," alisema. "Baba Vestine, sitaki mama arudi kule. Nataka akae hapa kwetu, na mimi nimtunze."