Ndege Waliotiwa Macho

Pazia lilikuwa limetoka kufuliwa, bado linachuruzika maji, lakini lilinuka nywele zilizoungua. Mshonaji alilinusa tena, akakunja uso, akaisingizia sabuni. Kisha akalitundika dirishani, chumbani kwa binti yake.

Niseme mapema: huyu mama simwonei huruma hata kidogo. Alikuwa kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaodarizi majumbani kwa kupenda tu, kila mmoja akiweka picha za kazi yake ili wenzake wajifunze bure. Sharti lao lilikuwa jepesi: ukichukua mchoro wa mtu, mtaje. Mkongwe wa kundi, waliyemwita Bibi Nyuzi, alikuwa na ndege wake wa bluu wasio na macho, na aliwasihi wote wawashone hivyohivyo. Mshonaji aliwabeba ndege wale kimyakimya, akawashona kwenye pazia hilo, akawatia macho mekundu ili wasijulikane, akapiga picha na kuandika: "Nimebuni mwenyewe. Chukueni, mshone." Hana haya! Sifa zikamiminika, kichwa kikamvimba, na watu chungu nzima wakashona.

Mchana mmoja, akiwa jikoni, alisikia sindano ikitoboa kitambaa kilichokazwa, tup, kisha uzi ukivutwa polepole. Alikwenda chumbani. Hakukuwa na mtu ila binti yake, amekaa kitandani, ameelekea pazia.

"Nani anashona humu?"

"Ndege," mtoto alinong'ona. "Mama, mbona giza?"

Jua lilikuwa limejaa chumba kizima, na katika mwanga ule mshonaji aliona kwamba ndege wote, aliowashona wakitazama juu, walikuwa wamegeuza shingo kumwelekea mtoto, na macho yao ya uzi yalikuwa yamelowa na yanapepesa, na kila yalipopepesa, macho ya binti yake yalizidi kuwa meupe, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani.

Daktari hakuona ugonjwa. Baba wa mtoto, fundi rangi, alikuja mbio kutoka kazini na rangi mikononi, akawakuta ndege wale bado wamemgeukia mtoto.

"Mchoro huu uliutoa wapi?"

"Si nilikwambia, nimebuni..."

"Usinidanganye! Mtoto haoni!"

Ndipo aliposema ukweli. Mume alichukua simu akampigia Bibi Nyuzi mwenyewe.

Bibi Nyuzi aliingia bila hodi, akitweta kwa hasira.

"Jini hili lilikula macho ya mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nikalifunga kwenye mshono, kipofu. Kila aliyeshona ndege wangu bila macho alilikaza zaidi. Wewe ukaja na uzi wako mwekundu kulifungulia!"

"Nisamehe, mama."

"Msamaha wako sina pa kuuweka. Shika mkasi, fumua!"

Alifumua huku akilia. Kila uzi mwekundu ulipokatika, kitu kilifoka nyuma ya pazia, na vidole vyake vikachuruzika maji ya moto. Jicho la mwisho lilipotoka, mtoto alipepesa.

"Naona! Jicho hili linaona!"

La kulia lilibaki jeupe.

"Walioshona kwa mchoro wako ni wangapi?" Bibi Nyuzi aliuliza.

Mshonaji hakujua. Alikaa chini akaandika mbele ya kundi zima: "Mchoro ule niliuiba. Fumueni macho, nawaomba, mwanangu haoni." Wachache walifumua. Wengine wakamcheka. "Wivu tu huo," mmoja aliandika. "Si ulisema wewe mwenyewe tuchukue?" Na wengi, waliokwisha kupata walichotaka, hawakusoma kabisa. Hao ndio wanaonichemsha damu kuliko hata yeye.

Alikuwa bado anabembeleza watu asiowajua pale mtoto alipolifunika jicho lake linaloona kwa kiganja.

"Mama, kwa jicho hili jeupe naona nyumba ya watu."

"Nyumba gani, mwanangu?"

"Siijui. Kuna mama amekaa, anashona ndege wenye macho mekundu. Ana mtoto mdogo."

Mshonaji akadondosha simu. "Funga jicho, mama. Lifunge, nakuomba."

Mtoto hakulifunga. Alisogea mbele kitandani, shingo kaigeuza upande, akatabasamu.

"Huyo mtoto anakuja karibu," alisema. "Ana macho mazuri."