Asilimia Mia ya Mtaa wa Upepo

Kikaguzi kilishuka kutoka mnara wa upepo bila kishindo, kikakunja mbawa zake nne na kutua juu ya meza ya mkutano. Mashine hiyo, yenye ukubwa wa kuku, ilikuwa imezunguka mji wa Singida tangu alfajiri ikipima moshi wa kila jiko na chaji ya kila betri. Kwa masharti ya ruzuku ya nishati safi, serikali haikutoa awamu mpya ya fedha mpaka taarifa ya kikaguzi isomwe hadharani na mhandisi wa mtaa aithibitishe kwa sauti yake. Awamu hii ingepeleka umeme katika wodi ya wazazi ya zahanati.

Mhandisi huyo alikuwa Sarafina Ntandu.

"Mtaa wa Upepo," kikaguzi kilisema. "Kaya zinazopika kwa nishati safi: asilimia mia."

Wananchi walipiga makofi. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Njiku, alimwinamia Sarafina. "Thibitisha, Mhandisi. Watu wana kazi zao."

Sarafina aliipitia orodha iliyong'aa hewani. Nyumba za bondeni zilikuwa zimefungiwa betri mbovu, na betri hizo zilipokufa wenyeji walirudia mkaa. Alitarajia kuziona zikiombewa fundi. Hakuiona hata moja.

"Nyumba za bondeni ziko wapi?" aliuliza.

"Kaya isiyotumia umeme kwa miezi mitatu huhesabiwa kuwa imehama," kikaguzi kilijibu.

"Tumehama?" alisema Mama Nyamwero, muuza maandazi wa bondeni, kutoka benchi la nyuma. "Basi leo mmelishwa na mzimu. Na mwenyekiti kala matano."

Watu walicheka. Sarafina hakuweza. Kaya iliyohama haipelekewi fundi wala betri mpya. Kikaguzi kiliagizwa kutafuta asilimia mia, nacho kilikuwa kimeipata kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Kilichobaki ni sauti yake tu.

"Mama, nikithibitisha, hakuna atakayekuja kutengeneza betri yako."

"Na usipothibitisha?"

"Fedha zitasimama mpaka uchunguzi uishe. Wodi nayo itasubiri."

Kicheko kilitoweka usoni mwa Mama Nyamwero. "Thibitisha tu, mwanangu. Moshi nimeshauzoea. Binti yangu Wande anajifungua mwezi ujao, na pale zahanati wanazalisha kwa tochi. Acha mimi nihame."

Sarafina alimfahamu Wande. Naye aliishi bondeni. Mtoto wake angezaliwa kwenye mwanga, kisha apelekwe katika nyumba ambayo kwa serikali haina mtu.

"Mhandisi," Bwana Njiku alinong'ona, "usituponze."

"Siithibitishi," Sarafina alisema. "Nyumba za bondeni zina watu."

"Imepokelewa," kikaguzi kilijibu. "Ruzuku imesitishwa."

Kilikunjua mbawa kikaruka. Watu walianza kuondoka, wakimpita Sarafina kama wanavyopita nguzo. Alimfuata Mama Nyamwero, aliyekuwa akifunika beseni lake.

"Kesho nitakuja na fundi, Mama. Nitamlipa mwenyewe."

Mama Nyamwero alijitwika beseni, akalisawazisha kichwani kwa mkono mmoja.

"Mletee Wande mkunga," alisema, akashika njia ya bondeni.