Bethuel Anyang'anywa Kibali cha Bunduki

Kila Jumamosi Bethuel alipika chapati katika nyumba yao ya ghorofa, Tensta, nchini Sweden. Mkewe Gunvor, Mswidi, alikuwa na kazi moja tu, kuzila zikiwa moto. Lakini Jumamosi moja ya mwaka 1976 chapati ziliungua. Bethuel alikuwa ameduwaa, barua ya polisi mkononi.

Kibali chake cha bunduki kilikuwa kimefutwa. Sababu aliijua. Alimpiga mwenzake kazini hadi meno mawili yakang'oka, na mahakama ikamfunga mwezi mmoja. Kifungo alikimaliza, akadhani yamekwisha.

Bunduki hiyo alipewa na baba mkwe, mzee Helge, alipooa. Kila Oktoba waliwinda pamoja älg, mnyama wa porini mkubwa kuliko ng'ombe. Bethuel alisimulia kwamba yule wa mwaka jana alipokatiza reli pale Spånga, treni ilimpisha na dereva akamvulia kofia. Mzee Helge hakujua habari za kifungo. Bethuel aliona aibu kumwambia, akiogopa kumpoteza.

Gunvor alimwita jirani yao Winifrida, Mtanzania, karani wa wakili. Bethuel akamweleza mpango wake. Bunduki angeiweka amana kwa rafiki yake Okech kule Bredäng, jinsi watu wa nyumbani wanavyotunziana vitu. Kisha angewashtaki polisi kwa kuvunja Katiba mpya ya Sweden.

Winifrida alikisukuma pembeni kikaango chenye chapati zilizoungua, akaketi.

"Shemeji, Okech hana kibali. Ukimpa bunduki, mtakuwa na kosa nyote wawili. Rafiki gani humfanyia mwenzake hivyo?"

"Na Katiba je?"

"Haikupi haki ya bunduki. Waamerika ndio wanaobishana hayo mahakamani. Hapa bunduki ni ruhusa, na mtu akihukumiwa kwa kupiga watu, ruhusa yaweza kuondolewa. Haki yako ni kusikilizwa. Andika rufani, useme kweli, na usipitishe siku iliyotajwa kwenye barua. Bunduki uikabidhi polisi, upewe stakabadhi. Piga simu kwanza. Usiingie nayo begani kama unateka kituo."

Gunvor akacheka. Bethuel hakucheka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mzee nimwambie nini?"

"Hilo halimo katika sheria, shemeji. Hilo ni lako."

Bunduki ikakabidhiwa, rufani ikaandikwa. Bethuel alishindwa. Aliambiwa angeweza kuomba tena baada ya miaka kadhaa, akiwa hajarudia kosa. Okech hakuguswa na lolote.

Siku ile ile aliyopata jibu hilo, Bethuel alimpigia simu mzee Helge, akamweleza yote, na ngumi pia. 

"Mbwa wangu anataka mtu wa kumshika kamba," mzee akasema. "Kwa kazi hiyo polisi hawadai kibali. Utakuja?"

Oktoba hiyo Bethuel alikwenda porini mikono mitupu, akivutwa na mbwa kwenye matope, na mzee Helge nyuma yake akimsihi apunguze mwendo, kwani miguu ya mzee haikuwa ya ujana tena.