Kichanjo Mlangoni

Kichanjo kilikuwa mtambo mdogo kuliko kiganja, na mabawa yake yalivuma kama feni ya mezani. Kiligusa shingo ya mtoto, kikapenyeza chanjo bila sindano wala kilio, kikarukia nyumba ya pili. Mtaa mzima wa Tabora kiliweza kuumaliza kabla ya chai. Sheria yake ilikuwa moja: mama wa mtoto asipotamka "Naridhia," hakimgusi.

Sheria hiyo aliiweka Nyamizi, mhandisi aliyekibuni. Zamani chanjo ziliwahi kuja na askari, watu wakaficha watoto maghalani. Yeye alitaka waheshimiwe. Sasa kilielea mlangoni kwa binti yake, Kalunde, aliyempakata mwanawe Shija.

"Sema tu neno, mwanangu," Nyamizi alimsihi. " Surua imeshaingia mtaa wa pili."

"Surua nani kaiona, mama? Hata wewe hujaiona."

"Bibi yako aliiona. Alizika watoto wawili. Mimi alinibeba mgongoni, akapanga foleni kliniki tangu alfajiri, akagombana na waliochomekea."

"Hayo ya bibi. Mwanangu ananyonya, ana afya. Acha kumpigia debe mdudu wako!" Kalunde akacheka.

Nyamizi akashindwa kuvumilia. "Naridhia!"

"Wewe si mama yake," kichanjo kilijibu kwa upole, kikaondoka.

Wiki mbili baadaye Shija alichemka. Macho yakawa mekundu, vipele vikaanzia nyuma ya masikio. Walipiga simu hospitali. Wakaambiwa wodi imejaa, wasubiri gari la kuwapeleka kwingine. Kichanjo kilipopita, Kalunde alitoka mbio peku, mtoto mikononi.

"Naridhia! Njoo, naridhia!"

Kikashuka, kikampima Shija. "Mtoto tayari anaumwa surua. Chanjo huzuia, haitibu. Pole, mama."

"Mama, si wewe uliyekitengeneza? Kiambie!"

 Kilisema kweli. Nyamizi alimpokea mjukuu wake, joto likapenya hadi kifuani kwake, akabaki kumpepea kwa ncha ya kanga.

Majirani ambao nao walikuwa wamekataa, sasa wakichungulia madirishani, wakaanza kutoka na watoto wao. Walisimama mbali kidogo.

"Naridhia," alisema wa kwanza, akimtazama Shija.

"Naridhia," akasema mwingine.

Kichanjo kikageuka kuwaendea. Kalunde alikuwa amesimama katikati ya njia. Akasogea pembeni kukipisha.