Shimo Lililopita Kimya

Kila asubuhi Kocha Hedwig alipiga filimbi saa kumi na mbili na nusu. Tulikunywa uji wa shayiri, tukavaa helmeti, kisha tukajipanga mstari na baiskeli zetu. Yeye alipita akibinya tairi moja moja kwa kidole gumba.

"Tairi hili limelegea, Ronja! Leo unataka kuendesha au kusukuma?"

Wenzangu walicheka, nami nikakimbilia pampu.

Tulikuwa watoto saba wa klabu ya baiskeli ya Passau, pamoja na Kocha na fundi wetu, Mzee Alois, ambaye siku zote alikuwa wa mwisho. Tulifuata Mto Danubi kwa siku kumi na mbili. Tuliiacha Ujerumani, tukavuka Austria, tukapita Slovakia, tukaingia Hungaria. Kwenye kila mpaka tulipiga kengele zote kwa pamoja, hata mbwa wa jirani wakabweka.

Sheria yetu kubwa ilihusu mashimo. Aliye mbele akiona shimo hunyoosha mkono na kupaza sauti, "Shimo!" Wa pili hurudia, wa tatu hurudia, hadi wa mwisho. Ukiwa katikati ya mstari huioni barabara vizuri, unaona mgongo wa mwenzako tu. Kwa hiyo unategemea sauti yake.

Kabla ya safari tulipiga kura ya nani atatuongoza kuingia Budapesti siku ya mwisho. Ikamwangukia rafiki yangu Veit, ambaye bibi yake anaishi huko.

"Bibi atakuwa darajani. Ataniona mimi wa kwanza!" alisema kila siku.

"Veit, hata bata wa mto huu wameshasikia," mwenzetu Theres alimtania.

Ikabaki siku moja. Karibu na mji wa Esztergom, Mzee Alois alisimama nyuma kurekebisha mnyororo wake. Sasa wa mwisho alikuwa Veit, nyuma yangu. Mimi nilikuwa natafuna brezeli, ule mkate wetu wa chumvi, nimeshika usukani kwa mkono mmoja. Kula tukiendesha kulikatazwa, lakini njaa nayo! Nikasikia "Shimo!" kutoka mbele. Nikalikwepa. Mdomo ulikuwa umejaa, nikanyamaza.

Nyuma yangu kukasikika kishindo. Veit alikuwa chini, goti limechubuka, machozi yanamlengalenga.

"Sikusikia chochote, Kocha," alisema.

"Sote tulipaza sauti," Kocha alimjibu. "Ulikuwa unaota tena?"

Kweli Veit ana tabia ya kuota. Juzi yake alikuwa akitazama ndege korongo, akatupita tulipokuwa tunakula mchana, akaenda zake kilomita nzima.

"Asiyesikiliza siwezi kumweka mbele ya wenzake," Kocha alisema. "Kesho utakaa nyuma na Mzee Alois. Ronja ataongoza."

Mimi! Naona aibu kusema, lakini kwanza nilifurahi.

Wakati wa chakula cha jioni Veit alisukuma sahani yake kando, akampigia bibi yake simu. "Bibi, kesho usinitafute mbele. Nitakuwa nyuma. Nilifanya kosa." Alipokata simu alinigeukia. "Labda kweli nilikuwa naota, Ronja."

Lo! Nikasimama.

"Kocha, Veit hakuota. Ni mimi sikupaza sauti. Nilikuwa nakula brezeli."

Kocha aliweka uma chini. "Veit, nisamehe. Nilikuhukumu bila kuuliza vizuri. Kesho utaongoza kama tulivyopanga. Na wewe Ronja, nyuma."

"Nisamehe, Veit," nilisema.

Akanikazia macho. "Brezeli ya nani?"

"Yako," nikajibu kwa sauti ndogo. "Niliitoa kwenye mkoba wako."

"Mwizi we!" Alijaribu kukasirika, lakini kicheko kikamshinda, nasi sote tukacheka.

Kesho yake Veit aliongoza, goti limefungwa bandeji, kifua mbele. Tulipokaribia Budapesti alipaza sauti, "Shimo!" Neno likapita kwa kila mmoja hadi kwangu. Nikapiga ukelele uliorusha njiwa wote wa barabara ile.

"Polepole, mwanangu, mimi si kiziwi!" Mzee Alois alilalamika nyuma yangu.

Darajani bibi kizee mwenye kitambaa chekundu alikuwa akipunga mikono yote miwili. Veit aliacha baiskeli ianguke, akamkimbilia.

Mzee Alois alisimama kando yangu akijifuta jasho. "Ronja, katika mstari kila mtu humwamini aliye mbele yake. Ukinyamazia ulichokiona, mwenzako anaumia. Jana ulinyamaza mara moja barabarani, lakini mezani ukasema, na kusema mbele ya wenzako kulikuwa kugumu zaidi. Endelea hivyo hivyo."

Nilimpelekea Veit brezeli mpya niliyoinunua mwenyewe asubuhi. Tukaigawana hapo darajani, baiskeli zimeegeshwa.